Bafu la Kioo

Binti yetu Kemilembe ndiye aliyelipa.
"Siku tatu Kampala, Baba amestaafu, nendeni mkapumzike,"
kana kwamba mapumziko yana anwani
na mtu anaweza kuyabishia hodi.

Tukavuka Mutukula na begi moja la kahawia,
zipu imekufa, tumeifunga kwa pini,
tukashushwa Bugolobi mlangoni pa jengo
ambalo zamani lilikoboa kahawa.
Siku hizi linalaza watu.

Mapokezi hakuna meza. Kuna mizani,
ile ya magunia, ya chuma, imepakwa rangi ya waridi.
Msichana aitwaye Nantume akatuomba tupande.
Tukapanda, mimi, Rwegasira na begi:
kilo mia moja sabini na moja.
Akaiandika kwenye kadi kwa wino wa kijani.
"Hapa hatutumii namba za vyumba," akasema,
"uzito wenu ndio jina lenu."
Ufunguo ukaja umefungwa kwenye mwiko.

Rwegasira hakucheka.
Miaka thelathini na minane karani wa mizani,
chama cha ushirika, Kamachumu,
akainama, akasikiliza chuma kama daktari.
"Inapunja," akaninong'oneza kwenye ngazi.
"Kilo mbili. Wakulima wa watu!"

Chumbani, viti vimetundikwa darini, miguu chini, hakuna wa kuvikalia.
Taa imevaa kofia ya boda boda.
Saa ya ukutani haina mishale hata mmoja
lakini inagonga, tiki, tiki, kwa bidii,
kama mtu anayeapa bila kusema anaapia nini.
Dirishani, korongo wawili juu ya paa la jirani,
mabega juu, mikono nyuma,
mawakili wanaosubiri kesi iitwe.

Na bafu, jamani.
Bafu liko katikati ya chumba, kioo pande zote nne,
mithili ya kabati la vitumbua.

Tuna watoto watano, mimi na mtu huyu.
Lakini kwetu bafu ni bati na matofali, nyuma ya migomba,
unaingia peke yako na ndoo yako,
unatoka umeshavaa.
Sijawahi kumwona akioga.
"Geuka," akasema. Nikageuka.
Nikawatazama mawakili.
Kisha nikatazama kioo cha dirisha, ambacho usiku
hakina siri.

Alijipaka sabuni kifuani, shingoni,
mkono wa kulia ukafanya kazi yote.
Wa kushoto ulipanda hadi mbavuni, ukasimama.
Akajaribu tena. Ukasimama palepale.
Mgongo wote upande ule ukabaki mkavu,
na maji yakapita juu yake bila povu.

Tangu lini?
Tangu lini ninamvalisha koti la kanisani
nikidhani ni mapenzi tu yanayomfanya asimame
akingoja nimshikie mkono wa shati?

Nikavua kandambili. Nikafungua mlango wa kioo.
Hakuna aliyesema kitu.
Nikachukua dodoki, nikaanzia begani.
Saa ikaendelea kuapa.

Asubuhi tulikula roleksi kando ya barabara,
mayai yanachuruzika hadi kwenye viwiko,
naye akanisimulia kisa cha gunia, mwaka wa mvua nyingi,
lilivyoteleza juu ya lori, naye akalidaka.
"Ungenikataza kazi," akasema.
"Ningekukataza," nikasema.

Siku ya kuondoka nilimkuta amepiga magoti mapokezi,
Nantume kashika spana, yeye anaelekeza kwa kidole:
"Skurubu ile. Taratibu, mwanangu. Nusu mzunguko.
Kitu kikiitwa pambo kisipewe ruhusa ya kusema uongo."

Tukapanda tena. Mia moja sabini na nne.
Nantume akahesabu: mbili zilizopunjwa, basi, na hii moja?
Rwegasira akalaumu roleksi.
Mimi nikalivuta begi karibu na miguu yangu.
Sabuni zao zina harufu nzuri sana,
na dodoki lilikuwa bado halijakauka.